Elfu Kumi na Nyongeza Moja

Jameni, leo nimeaibishwa na miche ya kahawa mbele ya mwalimu mkuu.

Ilikuwa siku ya wazazi hapa Karurumo, Embu, na mimi ndio mwalimu mpya wa hesabu. Nikaandika 10,001 ubaoni.

"Elfu kumi inagawanyika vizuri," nikawaambia wazazi na wanafunzi wa darasa langu. "Lakini ongeza moja tu, hiyo namba inakataa kabisa. Hakuna mtu anaweza kuipanga kwa laini zilizo sawa!"

Na nilisema nikiwa nimeshika kiuno. Mungu wangu.

Mama Wawira, anayeuza miche, akainua mkono.

"Mwalimu, juzi mteja alichukua miche elfu kumi, nikamwekea moja ya nyongeza. Kwa kitalu zilikuwa laini sabini na tatu, kila laini mia moja thelathini na saba. Hakuna iliyobaki."

Mwalimu mkuu akatoa simu, akazidisha. Akaniangalia. Akanionyesha jibu: 10,001.

Sasa kesho naingiaje darasa hilo? Nishaurini, hata kama ni kuhama Embu.

Kinachoniua ni kwamba jana nilikuwa nimejaribu kuigawanya, kuanzia na mbili. Nilipofika sabini na moja nikachoka, nikafunga daftari.