Macho ya Mama Pweza

Mume wa Mama Pweza alipofariki alimwachia binti mmoja, mama mkwe mkongwe na fimbo ya chuma ya kuvulia pweza. Kila maji yalipokupwa alitembea hadi mwambani, akatazama penye vipande vya kombe vilivyotupwa nje ya tundu. Hapo hakosi mwenyeji. Pweza ndio walioezeka nyumba bati, wakaleta dawa ya presha ya mama mkwe na sare za binti.

"Bahari haina mshahara," aliwatania wachuuzi, "lakini haisimangi."

Mwaka mmoja ukungu ukamwingia machoni. Hakusema. Alirudi na pweza mmoja, siku nyingine ndoo tupu, akisingizia maji. Mama mkwe ndiye aliyegundua, maana alitafuna changarawe kwenye wali siku tatu mfululizo.

"Mwanangu, macho yana nini?"

"Vumbi tu, mama."

"Vumbi la miezi minne?"

Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho. Asubiri zamu ya kupasuliwa. Akasubiri, ila tumbo halijui foleni. Asubuhi moja aliona kivuli kikijikunja tunduni, akaingiza mkono. Hakuwa pweza. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, alimng'ata vidole viwili, hakuachia mpaka mifupa ikalia. Wavuvi wa nyavu walimbeba hadi zahanati, damu ikiwachuruzikia mabegani. Vidole vikakatwa.

Wiki ya tatu jikoni palibaki chumvi na maji. Binti, aliyekuwa kidato cha tatu, akavua viatu vya shule, akachukua fimbo.

"Rudi darasani!" mama alifoka. "Nimeungua jua miaka yote hii ili wewe usikanyage mwamba!"

"Najua, mama. Lakini bibi hajala tangu jana."

Mama akasogea mlangoni, akampisha.

Adhuhuri binti alirudi na pweza mmoja, nyayo zimechanwachanwa na matumbawe. Mama akampapasa pweza kwa mkono mzima. Mdogo mno, wa namna hiyo yeye huwaacha wakue. Akambandika jikoni.

Mwalimu mkuu alituma mtu kumwita binti mara mbili, kisha akaacha.

Miezi saba baadaye mama aliitwa, akapasuliwa, akaona. Shuleni nafasi ya binti ilikuwa imekwenda. Sasa hutoka wote wawili maji yakipwa, binti ndiye anayeingiza mkono tunduni, na mama husimama nyuma yake, hapepesi macho.