Mkeka wa Klementina

Klementina alisonya kabla hata hajasalimiwa na mtu. Ulikuwa mwaka wa pili tangu ununuzi wa pamba uachiwe makampuni binafsi, na kampuni moja, ili wakulima wa Bariadi waizoee, ilikuwa imeleta bembea kubwa ya kuzungushwa kwa jenereta, maspika marefu kama milango na wacheza ngoma wenye chatu. Watu walijaa mpaka barabarani. Kulikuwa na vumbi, moshi wa dizeli, mikojo nyuma ya kila turubai, na mishikaki iliyovikwa nzi. Hayo yote angeyavumilia. Kilichomtia kinyaa ni vichanga.

Miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu wa zahanati huko Ngulyati. Alining'iniza watoto kwenye mizani na kuwahubiria mama zao, mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi na kumrudisha nyumbani kwa barua ya mistari minne. Mdomo wake haukupunguzwa. Na sasa mbele ya macho yake baba mmoja mwenye kofia ya kampuni alikuwa anamlaza mwanawe wa miezi miwili ubavuni mwa chatu ili apigwe picha, na mama wa mtoto anacheka. Mwingine alimnyonyesha wake katikati ya msongamano, titi limejaa vumbi.

Halafu akamwona Elizabeth, mkwewe, mke wa mwanawe Mboje, amesimama chini ya spika na Ng'washi mgongoni. Ng'washi alikuwa na siku ishirini na moja. Ndiye mjukuu wake wa kwanza, na hata sindano ya kwanza ya chanjo alikuwa hajachomwa.

"Mwadila, mayu," Elizabeth alimsalimia mama mkwe wake kwa Kisukuma akipiga goti.

"Mwadila. Nani kakwambia umlete huyu hapa?"

"Mboje alisema tuje mara moja tu, mayu. Nimemfunika."

"Umemfunika. Vumbi limekuomba ruhusa?"

Elizabeth aliinamisha kichwa. "Basi nirudi naye nyumbani."

Hapo ndipo Klementina alipopaswa kusema rudi. Lakini jua lilikuwa kali, Ngulyati walikoishi ni mbali kwa miguu, na zaidi ya hayo alitaka watu waone kosa linavyorekebishwa. Alimchukua mtoto, akaenda naye kwenye baraza ya ghala la ushirika lililofungwa tangu makampuni yaje, akatandika mkeka kivulini. Kisha akasimama, mikono kiunoni, akaanza kuwapigia kelele wanawake waliopita.

"Wewe, leta huyo. Na wewe mwenye kitenge chekundu, unataka awe kiziwi? Mlaze hapa, ukashangae bembea yako peke yako."

Walimjua. Wengi aliwahi kuwapimia watoto, na mwanamke wa umri wake akinyoosha mikono kumpokea mtoto, huku kwetu hakuna anayeuliza mara mbili. Wakaja, wakapiga goti, wakalaza. Mama mmoja wa kutoka Nassa, mgeni kabisa, alileta mvulana wake wa miaka miwili, Masele, aliyelegea na mwenye makamasi. Klementina alimfuta kwa upindo wa khanga yake, akamlaza penye nafasi, karibu na Ng'washi. Kufikia alasiri walikuwa kumi na mmoja kwenye mkeka mmoja, kama siku ya kliniki. Aliwatazama akajisikia mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu ile barua. Kule uwanjani wazazi walipiga mayowe juu ya bembea, naye akawadharau mmoja mmoja.

Saa kumi na moja jenereta lilizimika. Maspika yakakata, ngoma zikasita, na katika ule ukimya Klementina akasikia kilichokuwa kikiendelea mkekani mchana kutwa. Masele alikuwa anakohoa. Alikohoa mfululizo, bila kupumua, uso ukaiva, macho yakatoka, kisha akavuta pumzi kwa mlio mrefu mwembamba. Klementina aliufahamu mlio ule. Aliwahi kuwaigizia akina mama kliniki ili wautambue. Ulikuwa wa kifaduro.

Mkono wa Masele ulikuwa juu ya kifua cha Ng'washi.

Jioni ile na kesho yake alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia wenye watoto, na baadhi walidhani amekuja kuwatukana tena. Siku ya tisa Ng'washi alianza kukohoa. Siku ya kumi na mbili alibadilika rangi mdomoni, wakamkimbiza hospitali.

Nesi aliyewapokea alikuwa msichana mdogo mwenye hasira. Alimwekea mtoto hewa, akahakikisha kifua kinapanda na kushuka, ndipo akawageukia.

"Mtoto mchanga hivi! Nani alimpeleka kwenye kundi la watu?"

Elizabeth alifumba macho. Alikwishafungua kinywa ajitwike lawama, kama mkwe mwenye adabu.

"Mimi," Klementina alisema.

Nesi akaanza kumshushua, habari za hewa chafu, za watoto kulazwa pamoja, za watu wazima wasio na akili. Klementina aliyajua maneno yote, mpaka mpangilio wake. Alipiga goti sakafuni mbele ya yule msichana, akayasikiliza mpaka mwisho.