Maandazi ya Mnadhimu

Siku yangu ya kwanza ya udiwani nilipotea ndani ya jengo la halmashauri hapa Birmingham, nikajikuta kwenye chumba cha kuwekea viti vibovu. Aliyenitoa humo ni Mnadhimu wa chama chetu, Bwana Harjit, Singasinga mzaliwa wa Nakuru. Mnadhimu, au "whip" kwa Kiingereza, ndiye anayehakikisha madiwani wa chama wanapiga kura kwa pamoja. Aliposikia natoka Unguja, Kiingereza akakiweka kando papo hapo.

"Karibu, mama. Kwa kikao cha kundi gombana mpaka uchoke. Tukitoka, tunavote pamoja. Na ukitaka kunipinga, niambie kwa uso. Usinisurprise mbele ya watu."

Kikao cha kundi ni ule mkutano wa faragha wa chama kabla ya baraza zima. Nilikitii kwa muda, lakini mdomo wangu haukuumbwa kufungwa. Mara ya kwanza nilipoamua kupinga, kwa ajili ya maegesho ya magari Small Heath, nilimwogopa mzee wa watu. Mkono mtupu haulambwi, nikampikia maandazi ya iliki nikampelekea ofisini ndani ya kopo la bati. Toka hapo ikawa ada. Akiniona na kopo, anashika kilemba: "Ai, Bi Salma! Leo tena?" Anakula, halafu ananiandikia karipio huku vidole vinang'aa mafuta.

Kisha chama kikaamua kufunga kituo cha wazee cha Nechells ili kubana matumizi. Wazee wetu walishinda pale wakicheza karata na kuzozana. Nyumbani hawakuwa na wa kuzungumza naye, wajukuu ukiwasemesha Kiswahili wanajibu Kiingereza. Nilipeleka kopo limejaa pomoni. Bwana Harjit hakulifungua.

"Hii si parking, mama. Ukipinga hii, nitakusimamisha kwa kundi la chama. Itaniuma, lakini nitafanya."

"Fanya kazi yako, Bwana Mnadhimu. Na mimi nifanye yangu."

Nilipinga, na pendekezo la kufunga kituo likaanguka kwa kura moja. Akanisimamisha kweli, nikakaa viti vya nyuma peke yangu kwa muda mrefu. Kopo langu hakulirudisha, nami sikuuliza. Nilimpenda yule mtu, na nampenda hadi leo.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaotaka udiwani wakinijia nawaambia: mpinge mtu mkiwa mnatazamana. Juzi nikasikia pendekezo la kufunga kituo limerudi. Moyo ulinilipuka, maana sina kura tena. Bwana Harjit alikwisha kuachia unadhimu, kabaki diwani wa kawaida, na chama hajakipinga hata siku moja maishani mwake.

Jumamosi asubuhi mlango ukagongwa. Ni yeye, na kopo langu mkononi.

"Onja, mama. Nimepika mwenyewe. Nampelekea whip mpya."

Niliuma moja. Gumu, halina hata harufu ya iliki! Machozi yakanitoka, akadhani ni jino.

"Ukimpa haya atakufukuza kabla hata hujapiga kura," nikamwambia, nikashusha unga kabatini. "Nawa mikono, Bwana Harjit. Njoo ukande."