Sauti ya Opareta

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kuunganisha simu katika hospitali kubwa, kwenye kijichumba kisicho na dirisha, na muda wote huo alizungumza kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Laini zilikuwa mbovu, madaktari walikuwa na haraka, na waliopiga kuulizia wagonjwa wao walikuwa wakilia hata hawasikii. Alipostaafu alikabidhi funguo, akakabidhi na kiti, lakini sauti alitoka nayo. Watu wa jengo alilohamia hawakumaliza siku tatu kabla ya kumpa jina: Opareta. Naye akalipenda.

Alikaa ghorofa ya tatu, chumba na sebule, mjane ambaye watoto wake walikwisha kwenda kujitegemea. Jengo lenyewe zamani lilikuwa ofisi. Mwenye nyumba alipoligawa ili apangishe, hakujisumbua na matofali; alisimamisha mbao nyembamba, akazipaka rangi ya maziwa, akaziita kuta. Upande huu wa ukuta lilikaa kochi la Opareta. Upande wa pili waliishi Mwalimu na mumewe. Mwalimu alifundisha watoto wa chekechea, mwanamke kijana, mpole, anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Mumewe alikuwa fundi wa minara ya simu. Alikwenda mbali huko kupanda vyuma wiki tano, sita, akarudi wiki moja, akaenda tena.

Opareta alikuwa na starehe mbili, na zote alizifanya kwa wakati mmoja: kufuma na kutazama tamthilia. Saa kumi alasiri ikigonga, yuko kochini, kikapu cha nyuzi kati ya miguu, sindano mbili mikononi. Hakuhitaji kuitazama kazi. Vidole vilijihesabia vyenyewe, vitanzi viwili mbele, viwili nyuma, macho yakiwa kwenye kioo. Na simu ilikuwa imebanwa kati ya bega na sikio, kama enzi za kazini, kwa sababu katika mji mwingine kabisa mdogo wake wa kike naye alikuwa ameketi na kikapu chake akitazama tamthilia hiyo hiyo. Wakifuma, wakitazama, wakihukumu.

Mwalimu aliposhika mimba, mumewe alikuja kubisha hodi. Alikuwa mrefu, mwenye adabu, na alisimama mlangoni akiuzungusha mfuko wa karatasi mikononi.

"Shikamoo, mama. Samahani sana. Mwenzangu siku hizi analala mchana, na hii televisheni…"

"Inapiga kelele! Sema tu, baba, usione haya."

Alimletea vile visikizio vya kutia masikioni. "Waya wake ni mrefu, mama, unafika mpaka jikoni."

Opareta alicheka, akashukuru kwa moyo mweupe. Tangu siku hiyo televisheni ilisema naye katika sikio moja tu, na sikio la pili likawa la mdogo wake. Sebule ikatulia. Ikatulia, ila yeye mwenyewe. Maana mtu aliyeziba sikio hupaza sauti bila kujijua, na Opareta hata bila kuziba alikuwa vile vile.

Tamthilia ya msimu ule ilikuwa na mwanamke ambaye wao wawili walimpachika jina la Mpole. Mumewe alikuwa nahodha wa meli, mtu wa kuishi safarini. Mpole akajifungua. Na kama ilivyo kawaida ya watazamaji, Opareta na mdogo wake walijua kabla ya nahodha kwamba mtoto yule si wake.

"Hesabu miezi!" Opareta alikuwa akisema, sindano zikigongana. "Bwana kaondoka lini, karudi lini? Wewe hesabu tu! … Enhe! … Kimya kingi kina mshindo mkuu, mdogo wangu. Upole wote ule, kumbe! … Hapana, mimi simwonei huruma. Siku mumewe atakapojua, nataka niwepo niuone uso wa mtu."

Hivyo ndivyo alivyosema, siku tano za wiki, kwa wiki saba au nane.

Katikati ya wiki hizo Mwalimu alijifungua. Opareta alisikia sauti ya kichanga ukutani, akafurahi, akatafuta uzi laini wa manjano. Sweta, kofia na soksi alizifuma pale pale kochini, kwenye vipindi vile vile. Aliona kweli kwamba jirani yake hakaribishi wageni. Wakikutana ngazini, Mwalimu aliinamisha kichwa na kupita kama anakwepa moto. Nepi alianika juu ya paa alfajiri, kabla watu hawajaamka. Uzazi huo, alijisemea Opareta, mtoto wa kwanza humtoa mtu roho.

Jumamosi moja asubuhi alichukua furushi lake, akagonga. Mwalimu alifungua mlango nusu. Macho yalikuwa yamevimba.

"Nimekuja kumwona mgeni," alisema Opareta, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kungoja kukaribishwa, alikuwa tayari ndani. Alikaa, akaomba mtoto, akapewa. Akamfungua kitambaa, akamvisha ile kofia ya manjano, akamwinua juu usoni pake. Halafu akasema kama mwanamke yeyote anavyosema kwa kichanga:

"Haya wewe, umefanana na nani? Mbona mimi simwoni baba hapa?"

Mwalimu alipiga magoti.  Sakafu ikalia.

"Mama, nakuomba. Nakuomba kwa jina la Mungu, usimwambie."

"Nisimwambie nani? Nini?"

"Nasikia kila siku. Saa kumi nakaa hapa, nasikia. Kila unachosema ni kweli, hiyo hesabu ya miezi ni kweli. Ilikuwa mara moja tu, mama, na mtu mwenyewe alishaondoka. Mume wangu anarudi Jumatano. Ukitaka nihame nitahama, lakini usimwambie wewe."

Opareta alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, akatazama ukuta wa rangi ya maziwa. Mambo yalimwingia moja moja, na kila moja lilipoingia lilichukua kitu usoni pake. Vidole ambavyo havikuwahi kupoteza kitanzi vilikufa ganzi juu ya mgongo wa kichanga.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilitoka ndogo, "mimi nilikuwa nazungumzia tamthilia."

"Tamthilia?"

"Ya saa kumi. Kuna mwanamke tunamwita Mpole. Mumewe ni nahodha. Naongea na mdogo wangu kwenye simu. Hatukuwa tunakusema wewe. Wallahi hatukuwa tunakusema wewe."

Mwalimu alibaki pale pale chini. 

"Kwa hiyo ulikuwa hujui."

"Sikujua lolote."

"Sasa umejua." Aliinuka, akamchukua mtoto mikononi mwake, akamvua kofia taratibu na kuiweka mezani.

Opareta aliapa kwamba mdomo wake umefungwa, kwamba siri ile ataingia nayo kaburini, akaapa mara tatu, na kila kiapo kilisikika chembamba kuliko cha kwanza. Aliporudi kwake alikaa kitandani, si kochini. Uso ulimwaka mpaka masikio. Alikumbuka sentensi moja moja, akiisikia sasa kutoka upande ule mwingine: hesabu miezi, simwonei huruma, nataka niuone uso wa mtu. Wiki nane binti wa watu alikuwa amekaa, kwanza na mimba kisha na kichanga kifuani, akisomewa mashtaka, tena na mwanamke wa umri wa mama yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Aibu hiyo, hata hivyo, angeweza kuibeba. Haikuwa makusudi. Iliyofuata ndiyo ambayo mpaka leo ikimjia anafumba macho, hata akiwa katikati ya watu. Kwani chini ya fedheha yote ile kulikuwa na kitu kinachotikisika kama panya ndani ya gunia: alikuwa na habari. Habari ya kweli, tena tamu kuliko ya kwenye kioo. Jumamosi alivumilia. Jumapili akavumilia. Jumatatu mdogo wake alipompigia, Opareta aliichukua simu mpaka jikoni, akafungua bomba la maji, akainama juu ya sinki na kunong'ona. Alisimulia yote. Magoti, machozi, ile hesabu.

"Wee!" mdogo wake alisema. "Wee! Enhe, halafu?"

Jumatano fundi akarudi. Alhamisi asubuhi alibisha hodi, mtoto begani, ndani ya sweta la manjano.

"Mama, nimekuja kusema asante. Nimeambiwa umelifuma kwa mkono wako."

"Si kitu, baba."

"Ni kitu. Mwenzangu ni mtu wa haya, hana rafiki hapa. Mimi nikiwa juu ya mnara huko, roho inatulia nikijua wewe upo ukuta wa pili." Akatabasamu. "Na vile visikizio? Vinasikika vizuri?"

"Vinasikika."

Uso umeumbwa na haya, walisema wahenga. Opareta alimjibu yote huku akitazama kifungo cha pili cha shati lake. Juu ya hapo macho hayakupanda. Fundi alipotaka kumkabidhi mtoto amshike kidogo, Opareta alisema mikono yake ina mafuta. Haikuwa na mafuta.

Siku hiyo hiyo, saa kumi, simu iliita. Alikaa, akabana bega, akashika sindano.

"Acha ya kwenye televisheni kwanza," alisema mdogo wake. "Ya jirani imefika wapi? Nahodha karudi?"

"Usimwite hivyo."

"Nimwiteje, sasa?"

"Usimwite chochote. Ni mtu."

"Makubwa! Wewe si ndiye uliyenisimulia? Mimi nilimhadithia mwenzangu wa mlango wa pili hapa, alikufa kwa kicheko, kila siku ananiuliza…"

Opareta alikata simu. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kukata laini ya mtu anayezungumza, hata matusi aliyasikiliza mpaka mwisho. Ulimi hauna mfupa, na huo wake ulikwisha fika mji wa pili, kwenye mlango wa mtu asiyemjua.

Kesho yake alisubiri fundi atoke, akaenda. Mwalimu alikuwa anakunja nepi mezani. Opareta hakukaa.

"Nimemwambia mdogo wangu," alisema. "Yuko mbali, hakujui. Lakini nimemwambia, naye kamwambia mtu."

Mwalimu alikunja nepi moja, akailaza juu ya nyingine, akainyoosha.

"Kwa nini umekuja kuniambia?"

"Nisikuache uamini mdomo wangu umefungwa, kumbe uko wazi."

"Au umechoka kuubeba mzigo peke yako."

Opareta aliitazama ile nepi iliyonyooshwa. 

"Labda," alisema.

"Nenda, mama," alisema Mwalimu. Hakumfokea. Afadhali angemfokea.

Jumatatu iliyofuata, dakika chache kabla ya saa kumi, Opareta alikuwa anapanga uzi mapajani aliposikia sauti ukutani. Ilikuwa sauti ndogo lakini iliyonyooka, kama ya mtu aliyeifanyia mazoezi. "Mume wangu, hebu kaa. Nina jambo la kukwambia." Halafu kiti kikavutwa.

Visikizio vilikuwa pale pale mkononi. Angeweza kuvitia na kuwasha televisheni. Lakini alijijua, alijua kwamba angeliacha sikio moja wazi. Akainuka, uzi ukamwanguka na kubingirika hadi chini ya meza, akauacha. Alitoka na ndala, bila hata kufunga mlango, akashuka ghorofa zote tatu akishikilia chuma cha ngazi.

Mbele ya jengo palikuwa na fundi viatu aliyemzoea.

"Opareta! Saa kumi hii uko nje? Televisheni imekufa?"

"Ipo. Nanyoosha miguu."

Yule mzee alimsogezea kigoda. Alikaa, mikono mitupu, haijui iwekwe wapi. Fundi viatu alimsimulia habari za gundi za siku hizi zisizoshika, naye aliitikia ndiyo, ndiyo. Baada ya muda mrefu mume wa Mwalimu alitoka mlangoni. Hakuwa na mfuko wala begi. Alipita mbele yao bila kuwaona, akaenda hadi kwenye kona, akasimama, akarudi, akaenda tena. Kisha kutoka juu kabisa mtoto alianza kulia. Yule mume aliinua kichwa akatazama madirisha. Alisimama hivyo mpaka kilio kilipozidi, ndipo akaingia ndani.

Walichoambiana Opareta hakukijua, wala hakuuliza. Fundi aliondoka safari yake siku ile ile aliyozoea kuondoka, na baada ya wiki zake akarudi na beseni la kuogeshea mtoto begani. Bado wanaishi pale. Mwalimu akikutana na Opareta ngazini husema shikamoo, akapita, na Opareta huitikia marahaba kwa sauti ya chini na kumpisha. Kochi amelihamishia upande wa dirishani. Mdogo wake alinuna karibu mwezi mzima, kisha wakapatana, ila sasa huzungumza asubuhi, Opareta akiwa chini uani, na saa kumi kila mtu anafuma kwake bila kusema.

Miezi kadhaa baadaye mwanamke wa ghorofa ya pili alimshika mkono kwenye mlango wa jengo. Alisikia, sijui kwa nani, kwamba siku moja kwa Mwalimu palikuwa na mtafaruku.

"Wewe na yeye si mnatenganishwa na ubao tu? Hebu tuambie, palisemwa nini?"

"Siku hiyo sikuwepo nyumbani," alisema Opareta.

Ilikuwa kweli tupu. Alipanda ngazi polepole, akipumzika kila ghorofa, na ukweli ule haukumpunguzia chochote.