Menyu ya Shangazi

Shangazi yangu ni mkaidi, na nasema hivyo kwa heshima zote. Ofisini wanamwita Mama Faili, maana amekaa masjala miaka ishirini na miwili na hakuna jalada lililowahi kumsumbua zaidi ya dakika mbili. Meza yangu inatazamana na yake, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Makabati yalipoondolewa ikaletwa programu ya kutunza nyaraka, mkono wake ukawa mzito. Mkuu wetu alitaka kila mtu aingize nyaraka sitini kwa siku. Shangazi akijikaza sana anafika thelathini na moja. Akaambiwa mwisho wa mwezi ukimkuta hapo hapo, atahamishiwa getini kugawa vitambulisho vya wageni. Mimi, badala ya kumtia moyo, nikamshauri akubali yaishe. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akarudi kwenye kazi yake.

Kesho yake alikuja na kipande cha boksi. Kila alipobofya amri, alichora mstari. Tulimcheka, mimi wa kwanza. Baada ya wiki, boksi likasema wazi: menyu ile ndefu ina amri arobaini na mbili, yeye anatumia sita tu, na kwa kuzisaka zilikojificha, kila barua inamtaka abofye mara kumi na nne. Akamfuata fundi wa kompyuta. Fundi akamwonyesha ukurasa wa mipangilio, akasema mtu anaweza kupanga menyu atakavyo, ila hajamwona bado aliyejisumbua.

Shangazi akajisumbua. Alizificha thelathini na sita, na zile sita akazipanga kwa alfabeti, kama alivyopanga majalada maisha yake yote. Mambo yakaharibika. Amri ya kufuta ikawa jirani wa amri ya kuhifadhi, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshatupa barua tatu. Kuzirudisha kulimchukua saa nzima. Siku hiyo aliishia nyaraka ishirini. Nilimwona akivua miwani na kuipangusa mara mbili, nikaumia.

"Shangazi, si uombe tu uongezewe muda?" nikamwambia.

"Muda unatosha, mwanangu. Ila barua haitembei kwa alfabeti."

Akazipanga upya kwa kufuata safari ya barua yenyewe: ipokee, isome, ipe jina, ihifadhi, itume. Amri ya kufuta akaisukumia chini kabisa, ikae peke yake. Mara kumi na nne zikawa tano, na mkono ukaanza kuzoea.

Siku ya mwisho ya mwezi mkuu alikuja na barua ya uhamisho, imeshapigwa muhuri kabisa. Akauliza amefikisha ngapi.

"Sitini na nne," alisema shangazi. "Hiyo nipe, iwe ya sitini na tano."

Mkuu aliinama kwenye skrini akahesabu mwenyewe. Kisha akatoa kalamu, akaandika juu ya barua "Imebatilishwa" na kutia saini. Shangazi akaipitisha kwenye skana, akabofya mara tano, ikalala kwenye jalada lake mwenyewe.

Ndipo akanigeukia, akaniuliza mimi nimefikisha ngapi. Nilikuwa na hamsini na nane. Nikavuta kiti changu, nikaketi kando yake.