Gari la Puti Lisilo na Puti

Mtaani Bamdogo wangu wanamwita Puti, na msidhani ni kwa mapenzi. Ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Puti ni lile tope wanalokoroga kwenye kibati na kupaka juu ya tundu la kutu. Likikauka linapigwa msasa, rangi juu, gari linameta. Chini ya rangi kutu inaendelea kula taratibu, kama mgeni aliyesahau kuaga. Bamdogo alikuwa bingwa wa hiyo kazi. Gari likitoka kwake unajiona sura mlangoni. Mvua zikirudi, mlango unaota chunusi. Rafiki yake Waya, fundi umeme wa magari, alikuwa anasema gari la Puti likigongwa halibonyei, linamwaga unga.

"Wateja wanataka haraka," Bamdogo anajitetea. "Mimi nawapa haraka."

Sasa mganga hajigangi. La kwake mwenyewe lilikuwa limekaa uani, kigari cha zamani cha mviringo, taa zake kama macho ya mtu aliyefumaniwa. Alilileta ndoa ikiwa bado changa, akamwambia mke wake, "Hili nitakutengenezea." Wateja wakaja, wakaja tena, kuku wakahamia siti ya nyuma. Mamdogo ni fundi cherehani, kibanda chake kipo kwenye safu ya washonaji barabara ya sokoni. Kila asubuhi anafika kwa miguu, na wenzake wanamngoja na swali lao.

"Dereva hajaja leo?"

"Yupo nyumbani, anaatamia mayai."

Wanacheka mpaka sindano zinakatika.

Mwaka jana tumbo likamshika Mamdogo. Tukazunguka hospitali mpaka walinzi wakatuzoea. Mwisho daktari akasema kwa sauti ya chini sana kwamba hakuna tena cha kukata, tukae naye nyumbani, tumpe anachotaka. Bamdogo akamuuliza anataka nini.

"Nataka kupita mbele ya wale wambea, nimekaa mbele, kioo chini," Mamdogo akasema. "Sishuki. Napunga tu mkono, kama mke wa balozi."

Siku hiyohiyo kuku walipewa notisi. Waya akaja na vifaa vyake, akahangaika na injini na breki mpaka gari likakohoa, likapiga chafya, likawaka. Ikabaki bodi. Bamdogo akachukua bisibisi, akachokonoa chini ya mlango, ikazama mpaka kwenye mpini kama kisu kwenye papai.

Wote tulijua kinachofuata. Koroga, paka, piga rangi, wiki moja Mamdogo yupo barabarani. Jamani, hata mimi nisiyejua nyundo inashikwaje nilijua.

"Hapana," Bamdogo akasema. "Hili ni la mke wangu. Halilambi puti. Natoa kutu yote mpaka nikutane na chuma chenyewe."

Waya akamwangalia. "Yaani umeokoka leo?"

"Leo."

Na alikuwa hatanii. Alikata chuma kilichooza, akachora umbo lake kwenye boksi la viatu, akakata bati jipya kwa mchoro huo, akaligonga juu ya kipande cha bomba mpaka likapinda vile vile. Halafu anachomelea nukta nukta, anaacha lipoe, anachomelea tena, maana ukiwa na pupa moto unalikunja bati. Mikono ile ile ya kulipua kazi, kumbe ilikuwa inajua. Tatizo ni kwamba kutu ni kama umbea: unamfuata mmoja, unakuta mtaa mzima umo. Akimaliza chini ya mlango anakuta sakafu imeoza. Akigusa sakafu, na kinachoishikilia kimeoza.

Mamdogo tulikuwa tunamtoa nje, anakaa kwenye kiti mlangoni mwa jiko, shuka miguuni, anasimamia kazi.

"Fundi, si uzibe tu twende?"

"Haraka haraka haina baraka, fundi mwenzangu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu linauma tayari, sa sijui tunangoja nini."

Tulicheka. Kweli, tulicheka wote. Bamdogo naye alicheka, halafu akashusha kile kinyago cha kuchomelea wakati mashine ilikuwa imezimwa.

"Mimi nimeshona viraka maisha yangu yote," Mamdogo akaendelea. "Kiraka hakijawahi kumzuia mtu kwenda harusini."

"Nguo ikichanika hudondoki barabarani."

"Unadondoka vizuri tu, tena mbele ya wakwe."

Kuna asubuhi moja akaniita chumbani. Uso ulikuwa na rangi, macho yamechangamka, sijui nguvu alizitoa wapi. Anataka gauni la kijani. Lilimpwaya kama la kuazima, akaomba pini, akalibana mwenyewe mgongoni na kiunoni bila kioo, vidole bado vina ufundi wake. Akavaa hereni.

"Leo nipo vizuri. Mwambie fundi awashe gari."

Nikatoka mbio. Na hapo ndipo nilipoona. Asubuhi hiyohiyo Bamdogo alikuwa amekata sakafu yote ya mbele upande wa abiria. Ukichungulia chini ya siti unaona ardhi, na kuku mmoja anakatiza zake, kama anakagua nyumba aliyofukuzwa.

Mamdogo akaja ameniegemea begani, hatua fupi fupi. Akachungulia.

"Weka ubao," akasema. "Nitakanyaga ubao. Ni kwenda na kurudi tu."

Ubao ulikuwepo, umeegemea ukuta. Waya alikuwa ameshakaa kwenye usukani. "Inawezekana, Puti," akasema. "Naenda kwa mwendo wa maiti." Alivyosikia alichokisema akatamani kuimeza ile sentensi.

Bamdogo akamwangalia mke wake kuanzia hereni mpaka viatu.

"Siwezi kukupitisha mbele ya watu umekanyaga ubao."

"Miguu yangu nani ataiona?"

"Mimi nitaiona. Nipe mpaka keshokutwa. Keshokutwa unakanyaga chuma, mke wangu. Chuma kipya."

Mamdogo alimtazama kwa muda, vile mshonaji anavyomtazama mteja aliyeng'ang'ania mshono ambao hautampendeza.

"Haya, fundi," akasema.

Nikamrudisha ndani. Alikaa na gauni lile mpaka mchana. Alipolivua akaniambia nisizitoe pini, nilitundike hivyohivyo.

Kesho yake hakuweza kukaa. Keshokutwa sakafu ilikuwa tayari, Bamdogo hakudanganya. Aliingia chumbani na masizi yake mikononi kumwambia, akarudia kumwambia, akamwambia mara nyingine kwa sauti ya juu kidogo, na Mamdogo alikuwa hasikii tena. Wiki haikuisha.

Baada ya msiba tulidhani Bamdogo atalifunika lile gari na turubai. Akaendelea. Milango, madigadi, buti, kila kona, bila kupumzika na bila kuongea na mtu. Akapaka rangi ya maziwa, na likawa zuri kiasi kwamba wapita njia walikuwa wanasimama getini.

Waya akalipapasa kuanzia taa mpaka bampa ya nyuma, anatafuta maungio.

"Sioni ulipounga, Puti. Humu hamna puti hata kijiko. Miaka yote hii ulikuwa unaweza?"

Bamdogo alikuwa anafuta mikono na kitambaa, mikono ambayo ilikuwa safi.

"Siku ile alikuwa ameshavaa," akasema.

Akamrushia Waya ufunguo.

"Kalijaribu. Mimi nitafagia uani."

Tukatoka, Waya kwenye usukani, mimi siti ya nyuma. Hatukupanga, ilitokea tu kwamba hakuna aliyeigusa ile ya mbele ya abiria. Barabara ya sokoni washonaji walitusikia kabla hawajatuona, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Yule jirani wa kibanda cha Mamdogo, aliyekuwa anaongoza utani wa dereva, akasimama akainua mkono juu kutupungia. Tukafika karibu. Akaona siti ya mbele haina mtu. Mkono ukabaki hewani kidogo, halafu akaushusha kichwani, akawa anakiweka sawa kilemba ambacho kilikuwa sawa.