Bwana Mifugo Aliyeuliza Nani Amegusa

Jumanne iliyopita nilikuwa sokoni Chuno, nabishana na mama muuza muhogo ambaye kila wiki hunichagulia mizizi migumu kwa makusudi, alipoacha kubishana na kuweka mizani chini. "Mwalimu," akaniambia, "yule bwana mifugo wako wa pikipiki hatunaye. Amefariki jana. Homa yake ile ile." Sikuuliza homa ipi. Nililichukua kapu langu nikaondoka, na nilipofika nyumbani nikakuta sina muhogo wowote ndani yake. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi si mtu wa kulia hadharani, wala marehemu hakuwa ndugu yangu, na sina hakika hata kama nilikuwa rafiki yake. Tulifahamiana kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Lakini leo, nikiandika haya, nairudia asubuhi ile aliponitisha kuliko mtu mwingine yeyote aliyepata kunitisha.

Miaka ile nilikuwa mwalimu kijana katika shule ndogo kando ya mlango wa Ruvuma. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita. Ndege za Mreno zilisikika hata siku zisipokuja, maana masikio yetu yalishazoea kuzitafuta, na kila nyumba ilikuwa na shimo lake la kujifichia nyuma ya jiko. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumempoteza mtoto wetu wa kwanza kabla hajatimiza siku, na tangu hapo hatukuitaja mimba hii ya pili kwa jina lake. Tulisema tu "hali yako," na usiku kila mmoja alijifanya amelala ili mwenzake asimwone akihesabu miezi.

Shule yetu ilikuwa imeletewa ng'ombe wawili wa mradi wa kujitegemea, na hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Watu wa pwani ile hawafugi ng'ombe, mbung'o hawakuwaruhusu, na huamini kwamba mtu yeyote aliyetoka bara amezaliwa anajua ng'ombe. Mimi natoka Singida. Kweli nilikulia zizini, ila nilikuwa mtoto wa kupelekwa shule, na niliyoyajua kuhusu uzazi wa mifugo niliyachungulia kati ya miguu ya wajomba zangu. Sikuwaambia hivyo wenyeji. Waliponiita mtaalamu niliitika, tena kwa sauti nzito.

Mmoja wa ng'ombe wale akatupa mimba, miezi kadhaa kabla ya siku zake. Ndama alitoka amekufa, na kondo la nyuma likabaki likining'inia bila kuanguka. Jirani yetu, mama mmoja wa Kimakonde aliyekuwa amevuka mto na wanawe kukimbia vita, alisimama mbali akanitazama nikikunja mikono ya shati. "Mwalimu," akasema, "siye ng'ombe hatumjui. Lakini kitu kilichofia tumboni hatukigusi mikono mitupu. Mngoje bwana mifugo." Nilimcheka kwa adabu. Nilimbeba ndama yule mikononi nikamfukia kijuujuu nyuma ya zizi, kisha nikafanya nililowaona wajomba wakifanya: nikafunga jiwe kwenye kondo kwa kamba ya mkonge, ili uzito wake ulivute lenyewe. Walimu wenzangu walikusanyika kutazama, nami nikawaeleza kwa kirefu, kama vile nilikuwa na chaki mkononi. Maziwa yalikuwa yameshuka, kwa hiyo nikakamua kidogo. Nikampelekea mke wangu kikombe kikiwa bado na joto la kiwele. Kwetu mjamzito hupewa maziwa yasiyopita motoni ili apate nguvu, nami nilitaka apate nguvu kuliko kitu kingine chochote duniani. Alikunywa yote, akafuta midomo, akanishukuru.

Bwana mifugo alifika siku ya pili asubuhi, baada ya kuletewa taarifa na dereva wa lori la korosho. Alikuwa mwembamba, mrefu, anatembea akichechemea kama mzee, na hakuwa amefika hata miaka arobaini. Mtu akifika kijijini kwetu huanza na salamu, na salamu zina marefu yake. Yeye alizima pikipiki, akaliona lile jiwe, akasema, "Nani amegusa?"

Nilimkaribisha. Akarudia, "Nimeuliza nani amegusa."

Nikasema ni mimi. Akaitazama mikono yangu, akaona vidole vilivyopasuka kwa jembe, na uso wake ukabadilika. Alikata kamba kwanza. Alisema kwa sauti ya chini kwamba jiwe lile lingeweza kuutoa mfuko mzima wa uzazi nje, na kwamba kondo la namna ile halivutwi, linatiliwa dawa na kusubiriwa. Kisha akatoa glavu moja ya mpira, ndefu hadi begani, yenye viraka vya baiskeli. Akaipuliza, akaizamisha ndoo ya maji, akaigeuza huku na huku akitafuta mapovu. Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu ndipo nilipoelewa kwamba anaogopa, na nikaingiwa na hofu ambayo ndege za Mreno hazijawahi kunitia, kwa sababu huyu alikuwa mtu anayejua.

Alipomaliza kumtibu ng'ombe na kunawa hadi mabegani kwa maji yenye dawa kali, akaniuliza swali la pili. "Na maziwa? Nani amekunywa?"

Jirani yule mama akajibu badala yangu, "Mkewe. Naye ana mimba."

Bwana mifugo akakaa chini, pale pale kwenye samadi. Akaeleza kwamba huenda ng'ombe huyu ana ugonjwa wa kutupa mimba, kwamba ugonjwa huo huvuka kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu kwa njia ya kondo, damu na maziwa mabichi, na kwamba kwa mwanamke mwenye mimba hakuna anayeweza kuahidi lolote. Hakusema "usijali." Siku ile nilimchukia kwa kutosema hivyo. Alichukua damu ya ng'ombe ipelekwe maabara Dar es Salaam, akaandika barua kwa daktari wa mjini, na mimi na mke wangu tukapanda lori la korosho kwenda kutolewa damu zetu. Njiani mke wangu aliniuliza jambo moja tu: "Ulijua?" Nikamwambia sikujua.

Kungoja majibu kutoka Dar es Salaam zama zile ilikuwa kazi ya meli, barabara mbovu na bahati. Bwana mifugo alikuja kila wiki, mvua au jua. Alimfukua ndama niliyemfukia kijuujuu akamchoma moto. Alimtenga ng'ombe wa pili. Kila alipokuja alipita kwetu, akasimama uani bila kuvuka kizingiti, akauliza kutokea kule kule, "Shemeji, homa? Mgongo? Anacheza tumboni?" Mke wangu akijibu ndiyo anacheza, alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Wiki ya tatu mke wangu akashikwa na homa kali. Nilimpeleka hospitali nikiwa nimeshaanza moyoni kutafuta maneno ya kumwambia mama yake. Daktari akapima, akasema ni malaria. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumshukuru Mungu kwa malaria, lakini mimi nilipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali na nesi akanifukuza.

Majibu yalikuja: ng'ombe anao, sisi hatuna. Ilibidi ng'ombe auawe. Askari mmoja wa mpakani alijitolea kumpiga risasi, bwana mifugo akakataa kata kata. "Bunduki ikilia hapa watu watakimbilia mashimoni," alisema, "na shemeji atakimbia nao." Akamchinja kwa kisu, akamfukia kwa chokaa, na wanakijiji waliokuwa na hamu ya nyama wakamnunia miezi mingi.

Binti yetu alizaliwa salama. Bwana mifugo alikuja kumwona, akasimama uani kama kawaida yake. Nilimwambia aingie ampakate mtoto, maana bila yeye tusingejua hata tulivyoponea chupuchupu. Akatikisa kichwa. "Mlete dirishani nimwone," akasema. Nikakasirika kidogo, nikamuuliza kwa nini anatufanya kama wakoma. Ndipo aliponieleza, akitazama pikipiki yake na si mimi. Miaka yake ya kwanza kazini hawakuwa na glavu. Alizalisha ng'ombe kwa mikono mitupu, akarudi nyumbani na shati lenye damu, mkewe akalifua. Homa ikamshika yeye, ikamshika na mkewe. Mkewe aliharibu mimba mara mbili, na baada ya hapo hazikuja tena. "Daktari anasema huenda ni hilo, huenda silo," alisema. "Ila mimi mtoto mchanga simshiki." Nikamleta binti yangu dirishani. Alimtazama muda mrefu, akawasha pikipiki akaenda.

Siku hizi nchi yetu inatuhimiza kila mahali tusiogope: tusiogope jembe, tusiogope kuhama, tusiogope adui aliye ng'ambo. Ni maneno mazuri, na nimeyafundisha darasani kwa miaka. Lakini nikipima maisha yangu, madhara makubwa niliyokaribia kuyafanya yalikuwa ya siku ambayo sikuogopa, siku nilipokunja mikono ya shati mbele ya watu walioniita mtaalamu. Mtu aliyetuokoa alikuwa mwoga kuliko wote niliowajua. Aliogopa glavu yake mwenyewe. Aliogopa kizingiti cha nyumba yenye mtoto, akaenda akiogopa hivyo hivyo zizi kwa zizi mpaka homa ikammaliza.

Tulimzika kwenye makaburi ya Mtawanya siku ya Jumatano. Nilikwenda na binti yangu, ambaye sasa yuko darasa la pili. Mjane wa marehemu sikuwahi kumwona kabla, wala yeye hakunijua. Nilimpa pole, nikataja kijiji tulichokuwa tukiishi. Akainamisha macho kwa binti yangu, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Ndiye huyu wa dirishani?" akauliza.

Nikasema ndiye. Akaunyoosha mkono, akausimamisha hewani, akanitazama kama anayeomba ruhusa. Binti yangu, asiyejua lolote, akaushika. Mama yule hakuuachia mpaka ibada ilipokwisha na udongo wa mwisho ulipotupwa. Basi msomaji wangu, kabla hujakunja mikono ya shati lako, waogopee kwanza wale watakaokipokea kikombe kutoka kwako na kukushukuru. Mimi niliporudi nyumbani nilichemsha maziwa mara mbili, na mke wangu hakuniuliza kwa nini.